Mita Inapokataa: Jinsi Programu Zinavyorudisha Jibu na Hitilafu



Mwaka 2024 wenye mita za umeme wa kulipia kabla, yaani LUKU, kote Tanzania, wakiwemo wa Maili Moja, Mlandizi, Kisarawe mjini na Maneromango, walipewa kazi ambayo hawakuizoea. Mtu alinunua umeme kama siku zote, akaletewa makundi matatu ya namba badala ya moja, kila kundi tarakimu 20. Aliambiwa aingize la kwanza, kisha la pili, kisha la tatu lenye uniti zake. Mwisho wa zoezi ulikuwa tarehe 24 Novemba 2024. Mita ambayo ingefika siku hiyo bila kuboreshwa isingeweza tena kupokea umeme mpya. Wengi walilipokea jambo lile kama usumbufu, wakaingiza namba zao wakaendelea na maisha. Mimi nawaomba, walimu, wazazi, na ninyi vijana wa Kibaha na Kisarawe mnaojifunza kuandika programu, turudi pale ukutani tuiangalie mita kwa makini, kwa sababu ndani ya kisanduku kile mna swali ambalo waandishi wa programu wamebishana nalo kwa zaidi ya nusu karne. Programu ikishindwa kufanya ilichotumwa, iseme nini, isemee wapi, na nani alazimike kuisikia?

Tarakimu 20 mnazobonyeza, ziitwazo tokeni, ni namba moja kubwa, na kwa kompyuta ni biti 66, yaani nafasi 66 za 0 au 1. Biti 2 zinaeleza tokeni ni ya kundi gani. Zilizobaki 64 zimefungwa kwa siri, na mita yako inao ufunguo wa kuzifungua. Ikizifungua inakuta biti 16 zinazotaja kiasi cha umeme, biti 24 zinazotaja dakika ambayo tokeni ilitengenezwa, biti 16 za kuhakiki kwamba hakuna tarakimu iliyopotoka, na nyingine chache za kazi ndogo ndogo. Mpango huu unaitwa STS. Ulizaliwa Afrika Kusini, na leo ni kiwango cha kimataifa kinachojulikana kwa namba IEC 62055-41.

Kinachonifurahisha katika kiwango hicho ni jinsi kinavyoorodhesha majibu ambayo mita inaruhusiwa kuyatoa. Hakikuishia kwenye "imekubali" na "imekataa". Mita kwanza inajiuliza kama namba ni halisi. Biti za kuhakiki zisipolingana, hitilafu ni ya uhalisi, na huenda umekosea tarakimu au umeingiza tokeni ya jirani. Zikilingana inauliza kama tokeni ni halali, na hapo ina majibu kadhaa: tokeni ni ya zamani kuliko zote ninazozikumbuka, tokeni hii imekwisha kutumika, ufunguo umekwisha muda. Ikipita hapo inauliza swali la tatu, kama inaweza kuipokea sasa. Hata tokeni halisi na halali inaweza kukataliwa katika hatua hii, kwa mfano pale uniti zilizomo zikijumlishwa na hizi mpya zitazidi nafasi ya rejesta, yaani hesabu ya mita.

Liko pia jibu moja la pekee ambalo wengi mlikutana nalo mwaka 2024 bila kulijua. Mita inabadilishiwa ufunguo kwa tokeni mbili. Ukiingiza ya kwanza, kazi haijakamilika, na wala haijashindikana. Kiwango kimelipa jambo hilo jibu lake lenyewe: ya kwanza imepokelewa, nasubiri ya pili. Waliotunga kiwango hiki walikaa wakafikiria hali zote zinazoweza kumkuta mtu mbele ya mita, wakaipa kila hali jina. Hiyo ni kazi ya heshima kwa mtumiaji, na ndiyo ninayotaka mjifunze.

Kwa nini basi zoezi lilihitajika? Zile biti 24 zinahesabu dakika tangu tarehe 1 Januari 1993. Biti 24 zinatosha dakika 16,777,216, yaani karibu miaka 32. Ukihesabu kutoka 1993 unafika 24 Novemba 2024, na hapo hesabu inajaa na kuanza tena sifuri. Tokeni ya siku inayofuata ingefika kwenye mita ikiwa na namba ndogo kuliko zote zilizopita. Mita ingefanya kilicho sahihi kwa sheria yake: ingesema tokeni ni ya zamani, ikaikataa, na ya kesho yake pia ingeikataa. Tokeni mbili za kubadili ufunguo ziliifutia mita kumbukumbu ya namba za zamani na kuihamishia kwenye hesabu mpya inayoanzia 2014. Hiyo nayo itajaa mwaka 2045, na baadhi yenu mliokaa hapa ndio mtakaokuwa kazini wakati huo.

Sasa tuingie jikoni kwenyewe.

Programu hujengwa kwa vipande viitwavyo funksheni. Funksheni ina jina na kazi moja: unaiita, unaipa kitu, inakurudishia thamani. Nitazungumzia lugha zenye kompaila tu, kama C, C++, Ada, Go na Rust. Katika lugha hizi msimbo wote husomwa, hukaguliwa na kugeuzwa na kompaila kuwa maagizo ya mashine kabla programu haijaendeshwa hata mara moja. Ndizo lugha za vitu vinavyoachwa peke yao kwa miaka: mita, pampu, breki, mitambo ya simu. Programu ya mita iliyofungwa kwenye nguzo huko Chole au Mzenga haina mtu wa kuizima na kuiwasha. Kosa ambalo kompaila ingelikamata ofisini, ikiliacha, litamkuta mtu gizani, fundi akiwa mbali.

Nimetafuta mfano mmoja wa kuzipimia lugha hizi zote, nikachagua jina la mji wetu. Tuiombe kila lugha igeuze maandishi kuwa namba, halafu tuipe neno "Kibaha". Kibaha si namba. Tuone kila lugha inajibu nini.

C ilitungwa na Dennis Ritchie katika maabara za Bell huko Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1970. Ina funksheni ya kale iitwayo atoi. Ukiipa "45" inarudisha 45. Ukiipa "Kibaha" inarudisha 0. Ukiipa "Kisarawe" inarudisha 0. Na ukiipa "0" yenyewe, sifuri halali kabisa, inarudisha 0. Aliyeiita hana njia yoyote ya kujua kama amepewa jibu au amepewa kushindwa. Vyote viwili vimekuja kwa mlango mmoja, vikiwa na sura moja.

Msidhani hili ni jambo la darasani. Mto Ruvu ndio unaotupa maji. Mtambo wa Ruvu Juu uko hapa Mlandizi, na maji yake yanafika hadi Dar es Salaam. Mwezi Oktoba 2022 mto ulipungua mpaka Dar es Salaam ikaingia kwenye mgao. Chukulieni kwamba kijana mmoja miongoni mwenu ameandika funksheni ya kusoma kina cha mto kutoka kwenye kifaa kilichozamishwa majini. Usiku waya unakatika. Funksheni inajaribu kusoma, inakosa, na kwa kuwa lazima irudishe namba fulani, inarudisha 0. Asubuhi ofisini inasomeka kwamba mto umekauka. Mto kukauka na waya kukatika ni habari mbili tofauti: moja inahitaji mgao wa maji, nyingine inahitaji fundi mwenye koleo. Programu imezichanganya, na hakuna hodari wa takwimu atakayezitenganisha baadaye, kwa sababu sifuri zote zinafanana.

Wako waliokimbilia namba isiyowezekana. Hazina ya dunia ya takwimu za hali ya hewa inayotunzwa Marekani, GHCN, huandika -9999 siku ambayo kipimo hakikuchukuliwa. Ni afadhali kuliko sifuri, ilimradi kila anayesoma anajua mapatano hayo. Siku atakapokuja mtu asiyeyajua akachukua wastani wa mwezi, atapata mvua iliyo chini ya sifuri. Hapo wastani wenyewe utapiga kelele na kosa litaonekana. Makosa yasiyopiga kelele ndiyo mabaya zaidi.

Moja ya hayo liliishi ndani ya OpenSSL, maktaba ya programu inayolinda mawasiliano ya sehemu kubwa ya intaneti. Ilikuwa na funksheni ya kuhakiki sahihi za kidijitali iliyorudisha thamani tatu: 1 kama sahihi ni halali, 0 kama si halali, na -1 kama uhakiki wenyewe umekwama kwa sababu nyingine. Waandishi wengi walioiita waliishi na picha ya thamani mbili kichwani. Waliandika: kama jibu ni sifuri, kataa, vinginevyo, kubali. Basi -1, kwa kuwa si sifuri, ikakubaliwa. Mtu aliyeweza kuukwamisha uhakiki aliweza kupita na sahihi ya bandia. Tahadhari ilitolewa tarehe 7 Januari 2009, na kosa la namna hiyo hiyo likakutwa pia katika programu nyingine mashuhuri zilizoiita maktaba ile. Kompaila ya C haikuona ubaya wowote, maana kwake zote tatu ni namba tu.

Apple nao mwezi Februari 2014 walilazimika kusambaza marekebisho ya haraka kwa simu zao, kwa sababu mstari mmoja wa msimbo wa C ulijirudia mara mbili. Mstari ule wa ziada uliifanya programu iruke hatua ya mwisho ya uhakiki huku kigeu cha hitilafu kikiwa bado 0, na kwao 0 ilimaanisha hakuna kosa. Angalieni pia mkanganyiko wenyewe: kwa OpenSSL 1 ni salama, kwa Apple 0 ni salama. Namba haina maana mpaka mtu aipe, na kila nyumba imeipa maana yake.

Mfano ninaourudia kila ninapopata wasikilizaji ni wa roketi. Tarehe 4 Juni 1996, huko Kourou katika Guyana ya Ufaransa, roketi ya Ariane 5 iliruka kwa mara ya kwanza ikiwa na setilaiti nne za utafiti. Kama sekunde 37 baada ya injini kuwashwa iligeuka ghafla, ikavunjika na kulipuka. Programu ya kifaa cha kupimia mwelekeo ilikuwa imeandikwa kwa Ada, lugha inayosifiwa kwa usalama. Mahali fulani ilichukua namba ya desimali ya biti 64 na kuiingiza katika nafasi ya biti 16, ambayo haiwezi kubeba zaidi ya 32,767. Kwenye Ariane 4, roketi iliyotangulia ambako msimbo huo ulitoka, namba haikuwahi kufika huko. Ariane 5 ilikuwa na mwendo mwingine, na namba ikazidi. Vigeu saba vilikuwa na hatari hiyo. Vinne vililindwa, vitatu viliachwa baada ya mjadala.

Ada haikulala. Iliigundua hitilafu na kuitangaza. Lakini maelekezo ya mfumo yalisema kwamba hitilafu ikitokea, kifaa kijizime na kutoa taarifa ya uchunguzi. Kifaa cha akiba, chenye programu ile ile, kilikuwa kimekwisha kujizima muda mfupi kabla kwa sababu ile ile. Na taarifa ya uchunguzi ya kifaa kikuu ilitumwa kwa waya ule ule uliokuwa ukibeba vipimo vya safari. Kompyuta ya roketi ikaisoma taarifa ile ya hitilafu kana kwamba ni vipimo. Iliamini roketi imepinda vibaya, ikaamuru injini zigeuke hadi mwisho kurekebisha upotofu ambao haukuwapo. Ripoti ya tume iliyoongozwa na Jacques-Louis Lions ilitoka mwezi Julai mwaka huo, na hadi leo sijaona maandishi bora zaidi ya kumpa kijana anayeanza kazi hii.

Angalieni mahali roketi ilipoponzwa. Hitilafu iligunduliwa, ikatajwa, ikatumwa. Ilipita tu katika njia ya jibu, na mpokeaji hakuwa na alama ya kuitofautisha na vipimo. Ni sifuri ya atoi ile ile, ikiwa imevaa mavazi ya gharama kubwa.

Dawa ya kwanza iliyoenea ni eksepsheni. Ukiiomba C++ igeuze "Kibaha" kuwa namba kwa funksheni yake ya stoi, hairudishi namba yoyote. Inasimamisha kazi na kurusha hitilafu juu, ipande kutoka funksheni hadi funksheni mpaka impate wa kuidaka. Asipopatikana, programu inakufa. C++ ni kazi ya Bjarne Stroustrup, mzaliwa wa Aarhus nchini Denmaki, aliyevutiwa na Simula, lugha iliyotungwa Norwe miaka ya 1960.  Wema wa eksepsheni ni kwamba kushindwa hakuwezi tena kujifanya sifuri. Ubaya wake ni kwamba ukisoma tangazo la funksheni kwa kawaida huoni inaweza kurusha nini, na njia ya hitilafu inakuwa imefichwa. Lugha ya Java ilijaribu mwaka 1995 kuwalazimisha waandishi wazitangaze eksepsheni hizo. Wengi wakazidaka na kuziacha mikononi bila kufanya lolote, ili kompaila inyamaze.

Go ilitangazwa mwaka 2009 na Robert Griesemer, Rob Pike na Ken Thompson wakiwa Google, nayo ikashika njia iliyo wazi zaidi. Funksheni hurudisha vitu viwili bega kwa bega: thamani na hitilafu. Ipe "Kibaha" nayo inakurudishia 0 pamoja na hitilafu inayosema maandishi hayo si namba. Mwandishi anatakiwa aitazame hitilafu kwanza, na ndiyo maana msimbo wa Go umejaa swali moja linalorudiwa kila baada ya mistari michache: je, kuna hitilafu? Wanaoichoka tabia hiyo wana haki ya kuchoka, lakini mimi naipenda, kwa sababu msomaji anaona kila mahali ambapo mambo yanaweza kuharibika. Ninachoihofia Go ni ile sifuri. Bado ipo, imesimama kando ya hitilafu, na mwenye haraka anaweza kuweka alama moja ya mstari wa chini mahali pa hitilafu, akachukua sifuri akaondoka. Kompaila inamruhusu.

Rust, iliyoanzwa na Graydon Hoare na kufikia toleo la 1.0 tarehe 15 Mei 2015, ilichukua hatua ambayo familia ya lugha za ML ilikuwa imeianza zamani. Ukiipa "Kibaha" inakurudishia kitu kimoja cha aina iitwayo Result, chenye sura mbili: ama Ok, na ndani yake namba, ama Err, na ndani yake maelezo ya hitilafu. Vyote viwili haviwezi kuwapo kwa pamoja. Penye Err hakuna sifuri wala namba ya kuokota. Na Result si namba: ukijaribu kuijumlisha na namba, kompaila inakataa na programu haizaliwi. Ili uifikie namba lazima uandike utafanya nini kama haimo. Tangu mwaka 2016 alama moja ya kuuliza inatosha kusema: kama ni hitilafu, mpelekee aliyeniita. Ule urefu wanaoulalamikia watu wa Go umepungua, na njia ya hitilafu bado inaonekana kwa macho.

Hukumu yangu ni kwamba hii ndiyo njia sahihi, na kwamba kijana anayeanza leo ajifunze kuwaza hivi hata kama kazini atapewa C. C++ nayo imeifuata katika toleo lake la 2023. Kushindwa kuwe na mahali pake, na mahali hapo kompaila ipaone.

Hata hivyo lugha haimwokoi asiyetaka kuokolewa. Tarehe 18 Novemba 2025, saa nane na ushei mchana kwa saa zetu, tovuti nyingi duniani ziliacha kufunguka. Chanzo kilikuwa Cloudflare, kampuni ambayo sehemu kubwa ya mawasiliano ya intaneti hupitia kwenye seva zake. Badiliko la ruhusa katika hifadhidata lilifanya faili moja ijae mistari iliyojirudia na kuwa kubwa maradufu. Programu iliyoisoma ilikuwa imewekewa kikomo cha vipengele 200. Kikomo kikapitwa, funksheni ikarudisha Err kama ilivyopaswa. Programu iliandikwa kwa Rust. Lakini mahali pa kushughulikia Err mwandishi alikuwa ameita unwrap, amri inayosema: nina hakika humu mna jibu, nipe, na kama halimo programu ife. Ikafa. Kampuni ilieleza yote haya hadharani siku ile ile, jambo ninalolisifu. Unwrap ina mahali pake katika majaribio na katika hali ambazo kweli haziwezekani. Ukiiona katika msimbo unaohudumia watu, simama uulize nani aliyehakikisha.

Liko jibu moja ambalo hata Ok na Err hazilitoshi, na katika maisha yetu ndilo linaloumiza zaidi. Mama yuko Maneromango, anamtumia mwanawe wa Minaki pesa ya matumizi kwa simu. Mtandao unakatika katikati. Simu yake haijapokea ndiyo wala hapana. Huenda pesa imefika na taarifa ndiyo iliyopotea njiani. Huenda haikuondoka kabisa. Mwandishi wa programu akiandika "imeshindikana" amesema uongo, kwa sababu hajui. Mama atatuma tena, na pesa itakwenda mara mbili. Muda kuisha bila jibu ni hali ya tatu, na lazima iwe na jina lake katika aina unayoirudisha: haijulikani bado.

Tiba yake mnayo ukutani. Mita inakumbuka namba za tokeni ilizokwisha kupokea. Ukiingiza tokeni ile ile mara ya pili, haikuongezei uniti na haichanganyikiwi. Inakujibu kwamba imekwisha kutumika. Kwa hiyo mwenye shaka anaweza kujaribu tena bila hofu. Malipo nayo yafanywe hivyo. Kila muamala upewe namba yake kabla haujatoka kwenye simu, jaribio la pili litumie namba ile ile, na upande wa pili ukiiona tena urudishe matokeo ya mara ya kwanza badala ya kulipa upya. Anayejenga mfumo wa ada za shule au wa kuuza mihogo ya Kisarawe kwa wateja wa mjini aanze na hili kabla ya kuchagua rangi za skrini.

Na mwishowe hitilafu inamfikia mtu. Majibu yote yale mazuri ya kiwango cha mita hufika kwenye kioo kidogo kama herufi chache za Kiingereza au namba ya msimbo, tofauti kwa kila mtengenezaji. Taarifa iliyotungwa kwa uangalifu inapotea katika hatua ya mwisho. Bibi anayesoma Kiswahili vizuri kabisa anabaki kumwita mjukuu. Ninyi mnaojua kuandika programu na mnaoishi na bibi huyo mko mahali pazuri pa kulirekebisha: tarakimu zimekosewa, angalia tena; tokeni hii ulishaitumia; hatujapata uhakika, usitume tena mpaka upate ujumbe. Sentensi tatu fupi za namna hiyo zinaokoa pesa na safari za watu.

Basi nawaombeni. Mkirudi makwenu, fungueni programu yoyote mliyoiandika, hata kama ni ya mazoezi. Tafuteni kila funksheni inayorudisha sifuri, -1 au maandishi matupu inaposhindwa, muibadilishe irudishe hitilafu yenye jina. Tafuteni kila mahali mlipoipuuza hitilafu, muandike pale mtafanya nini ikitokea. Ipeni programu neno "Kibaha" mahali inapotarajia namba, mkate mtandao katikati ya kazi, mchomoe waya wa kifaa, mtazame inajibu nini. Na walimu wangu, mkisahihisha kazi za vijana hawa, tengeni alama kwa ajili ya majibu ya kushindwa sawa na mnavyotenga kwa majibu sahihi.